Gari la Moshi Likishapita

Mazungumzo yaliyotolewa mjini Lamu, ndani ya ua wa Ngome, usiku baada ya Isha. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikapunguza marudio tu.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masharifu na mashekhe, wazee wetu, mama zetu mlioketi upande ule, na nyinyi vijana mliokalia ngazi, nimewaamkua nyote.

Nianze kwa kukiri jambo. Nilipoambiwa nije nizungumze juu ya kunasa sauti ya gari la moshi la zamani, wa kwanza kuniuliza swali alikuwa bibi yangu. Yuko hapa, na atanisahihisha nikitia chumvi. Aliniambia: "Kelele za gari la moshi ukazitie sandukuni uzifanye nni?"

Swali lina haki yake. Sisi watu wa Amu hatuna reli. Tumekua tukijua mlio wa punda, adhana zikipokezana msikiti kwa msikiti, mashua ya injini ikirudi Matondoni, na maji yakipiga ukuta wa gati. Mwenye kutaka kusikia gari la moshi lazima avuke Mokowe, apande basi, na basi lenyewe lina habari zake. Sasa mtu afunge safari yote hiyo, asipande gari hilo, asipeleke mzigo, akae tu kando ya reli alisikilize likipita, kisha arudi. Nakubali, mbele ya macho ya jirani si kazi ya mtu timamu.

Nitajibu kwa kuwauliza na mimi. Hapo ufuoni kwenye makumbusho yetu kuna siwa, lile baragumu kubwa la kale. Wangapi wameiona? Naona karibu wote. Wangapi wameisikia ikipigwa, kwa masikio yao? ... Mikono minne. Mitano, na mzee pale. Haya. Mgeni huingia, husoma kibao, hupiga picha, akatoka anajua imetengenezwa kwa nini na nakshi zake zi vipi. Mlio wake haujui. Na siwa haikuchongwa itazamwe.

Nairobi pia iko makumbusho, ya reli, iliyofunguliwa mwaka 1971. Ukiingia uani utayakuta magari ya moshi yamesimama juani, na mawili kati yao ni makubwa kupita kiasi. Yanaitwa ya daraja la 59. Yalitengenezwa Uingereza, mjini Manchester, na kampuni ya Beyer, Peacock, katikati ya miaka ya 1950, kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Yalikuwa 34, na kila moja lilipewa jina la mlima wa kwetu. Yaliyobaki ni haya mawili: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Moja lina uzito wa tani zaidi ya 250. Fikirini jahazi la chuma lililopandishwa nchi kavu.

Mimi sikuwahi kulisikia lolote kati ya haya likiwa kazini. Kufikia 1980 kazi yao ilikwisha. Lakini kwa namna lilivyoundwa mtu anaweza kujua lililia vipi, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo nilipoingia wazimu huu.

Gari la moshi la kawaida lina silinda mbili, moja kila upande. Katika kila silinda mvuke husukuma pistoni kwenda, kisha huisukuma kurudi, na kila msukumo ukimalizika mvuke hutolewa kwenye bomba la moshi kwa kishindo. Kwa hiyo gurudumu kubwa likizunguka mara moja, unasikia pumzi nne. Chu, chu, chu, chu. Likiwa linapanda mlima pumzi ni nzito na zimetengana. Likishika mbio zinaungana hata husikii tena pumzi, unasikia mvumo. Sasa lile la daraja la 59 ni magari mawili chini ya birika moja la mvuke: injini mbele, injini nyuma, kila moja na silinda zake na magurudumu yake, wala hazikufungwa pamoja. Kwa hiyo pumzi za mbele na za nyuma hazisikizani. Kuna wakati zinapiga pamoja kwa sauti moja kubwa. Kisha gurudumu moja linateleza kidogo, zinaachana, zinaanza kupishana, zinakuwa nane badala ya nne, halafu pole pole zinarudi pamoja.

Mama zetu mnaijua sauti hii, mmeifanya wenyewe. Ni wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Mchi wako, mchi wangu, mchi wako, mchi wangu. Mmoja akichoka kidogo, michi inagongana. Hivyo ndivyo lilivyokuwa likipanda kutoka pwani usiku, tani 250 za chuma zikitwanga.

Na hiyo ndiyo sauti isiyokuwamo kwenye ua wa makumbusho, sawa na siwa.

Basi nikasema, la mvuke limenipita. Lakini bado liko gari kuukuu la dizeli linalovuta mabehewa ya zamani juu ya reli ile ile iliyoanza kulazwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Hilo nalo lilikuwa na siku za kuhesabika. Mwaka 2017 reli mpya ilikuwa imekaribia kufunguliwa, na kila mtu Mombasa alijua kwamba treni mpya ikianza, mwisho wa Mei, abiria hawatapanda tena ile ya usiku. Mimi nilikuwa nimenunua kinasa sauti kidogo cha mkononi, cha kurekodia maulidi. Nikaenda.

Safari ya kwanza nilikwenda Mazeras. Hapo reli inapanda kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo injini inafanya kazi, haiteremki tu. Nilifikiri nimechagua kwa akili. Nikasimama karibu na reli kuliko inavyofaa, na nawaomba vijana msiige hilo. Nikaweka kiwango cha sauti kulingana na utulivu uliokuwepo saa ile: ndege wawili watatu, redio ya kibandani, mtoto analia mbali. Kiwango kikapanda juu sana, maana nilitaka kusikia kila kitu. Kukawa na upepo pia, nami sikuwa na kizuizi chochote.

Jioni ikaingia, gari likasikika likija. Akatokea kijana mmoja nyuma yangu, mstaarabu sana, akaniamkia: "Shikamoo ustadhi. Wapima shamba?"

Na mimi kwa malezi yangu siwezi kuacha salamu ikaenda hivi hivi. Nikajibu marahaba, hapana mwanangu, narekodi. Akauliza, redio gani? Wakati huo huo injini ikafika.

Nyumbani nilipofungua niliyapata haya: upepo unaopiga maiki kama mtu anakung'uta mkeka, sauti yangu mimi nikisema "narekodi", halafu ukelele mmoja mbovu usio na umbo. Tepu za zamani zilikuwa na huruma. Ukizizidishia sauti zinapinda kidogo, zinakwaruza. Sauti ya dijitali haina huruma hiyo. Ina dari, na kinachopita juu ya dari hukatwa, na kilichokatwa hakirudi kwa fundi wala kwa programu. Siku hizi naacha nafasi ya kutosha. Kishindo kikubwa ninachokitarajia nakiweka desibeli 12 chini ya dari, na ikiwa ni kitu nisichokijua naongeza nafasi zaidi. Sauti ikiwa ndogo unaweza kuikuza baadaye.

Lakini hilo si kosa lenyewe. Kosa lenyewe alilionyesha bibi. Nilimchezea vile vile pamoja na ubovu wake, nikitaka sifa. Rekodi nzima ilikuwa dakika moja na sekunde arubaini. Nilianza niliposikia gari linakaribia, na behewa la mwisho lilipopita tu nikabonyeza, nikazima, nikijipongeza. Akasikiliza akiwa na uteo wa mchele mapajani. Ilipokwisha akaniuliza: "Mbona limepita? Limetoka wapi, na limekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani nimenasa sauti ya gari linalopita, kumbe nimenasa kelele za chuma. Kupita ni habari ya mahali. Lazima kuwe na mahali palipokuwa pametulia, kisha kitu kikaja kikapachafua, kisha pakarudi, au pasirudi sawasawa. Mimi mahali nilipakata pande zote mbili, nikabakisha kitovu.

Kabla ya safari ya pili nilitengeneza vifaa upya, na hapa naomba sifa kidogo kwa mji wetu. Wataalamu hutia maiki ndani ya kitu kama tenga, lenye matundu, lililofunikwa kitambaa cha manyoya marefu. Manyoya huvunja upepo nje, na hewa iliyomo ndani ya tenga inabaki imetulia kuizunguka maiki. Cha dukani bei yake utakaa chini. Nikaenda kwa mzee anayesuka madema ya samaki, nikamwambia anisukie dema la urefu wa mkono mmoja, jepesi, bila mlango. Akaniuliza nataka kuvua nini. Nikamwambia upepo usiingie. Akanicheka, akasuka. Manyoya nikayapata kwa mwanasesere mkubwa wa mtumba, dubu, ambaye watoto wangu hawajanisamehe hadi leo. Dema lile ninalo bado. Liko pale mezani, mkitoka mlishike.

Mengine ya vifaa nitayapitia haraka, vijana watanitafuta baadaye. Rekodini kwa WAV, si kwa faili lililobanwa. Biti 24, kilohezi 48, chaneli mbili, hula takriban gigabaiti moja kwa saa, na kadi za kumbukumbu siku hizi ni rahisi. Vaeni hedifoni mkiwa palepale, maana sikio lako linasamehe mambo ambayo maiki haiyasamehi. Na mwisho wa kila rekodi semeni kwa mdomo: mahali, tarehe, saa, upepo watoka wapi. Jina la faili hupotea, sauti yako haipotei.

Safari ya pili, Aprili, nilikwenda Mackinnon Road. Wengi wenu mnapajua kwa sababu ya msikiti ule na kaburi la Sayyid Baghali, kando kabisa ya reli. Alikuwa mmoja wa waliokuja kutoka Bara Hindi kuijenga reli hii, na masimulizi ya karama zake mnayo, karai la kokoto lisilogusa kichwa. Madereva wa Mombasa husimama pale kuomba dua. Nikasimama na mimi, nikaswali, nikamweleza mlinzi ninachotaka. Hakucheka. Alisema tu, "Gari hilo halina saa, utakesha."

Nikasogea mbali na barabara kuu kadiri nilivyoweza, kwa kuwa malori ya Mombasa hayalali, nikakaa hatua thelathini kutoka kwenye reli, dema langu juu ya kigoda. Nikabonyeza kinasa mapema kabisa. Nikakaa kimya, na kukaa kimya ni kazi: usimeze mate kwa nguvu, usivae koti la nailoni, usiangalie simu.

Niliyoyasikia usiku ule sikuyatarajia. Wa kwanza kujua gari linakuja walikuwa mbwa. Walibweka upande wa Mombasa, kisha wengine karibu zaidi, kama watu wanaopasiana habari. Mimi sisikii kitu. Halafu reli yenyewe ikaanza kulia, mlio mwembamba, kama waya uliopigwa ukucha. Sauti hupita ndani ya chuma cha pua kwa kasi ya takriban mara kumi na tano kuliko hewani, kwa hiyo reli huwa na habari kabla ya upepo. Ndipo ukaja mrindimo, unaosikika zaidi kifuani kuliko masikioni. Ndipo taa. Ndipo honi.

Kuhusu honi ile nataka kusema zaidi, kwa sababu dereva aliipiga kutoka mbali, akaishikilia mpaka akanipita. Mnajua nyote kwamba chombo kinachokuja mbio kikipiga honi, mlio huwa juu, na kikikupita tu unashuka. Kaeni gatini, msikilize boti ya kasi ikipita kuelekea Shela, mtasikia injini inashuka vile vile. Nahodha hakupunguza kitu. Chombo kinapokujia kinayafukuza mawimbi ya sauti yake mwenyewe, yanabanana, yanakufikia kwa haraka. Kinapokwenda zake kinayavuta, yanatanuka. Tuseme honi inalia mitetemo 400 kwa sekunde na gari linakwenda kilomita 60 kwa saa. Likija utasikia kama 420. Likienda, kama 381. Dereva yeye anasikia 400 zake tu, hana habari.

Aliyelieleza jambo hili kwa hesabu ni Christian Doppler, mwaka 1842. Na aliyelijaribu, mwaka 1845, ni Mholanzi, Buys Ballot. Alifanyaje? Alipakia wapiga tarumbeta kwenye behewa la wazi, akalifunga kwenye injini, akawapitisha mbele ya wanamuziki wengine waliosimama kando ya reli na masikio makali, wakaambiwa waseme noti wanayoisikia. Hakukuwa na kinasa sauti, wala kipimo. Kipimo ni sikio la mwanamuziki. Kila nikisoma habari hii nawaona wapiga siwa wetu wamepangwa juu ya behewa, kofia zimeshikwa kwa mkono mmoja, wanapita kasi mbele ya masharifu. Watu wangesema wazungu wamerukwa na akili, na bado jibu lao lingekuwa sahihi.

Kule Mazeras honi haikushuka hata kidogo kwa sikio langu, nami nilidhani ni ubovu wa rekodi. Kumbe ni mlima. Gari linalopanda linakwenda taratibu, na mwendo ukiwa mdogo mshuko nao ni mdogo. Kama mnataka kusikia honi ikishuka nendeni tambarare. Kama mnataka kusikia injini ikitweta nendeni mlimani. Huwezi kuyapata yote mahali pamoja.

Baada ya injini yakaja mabehewa. Na mabehewa yana ngoma yao. Reli za zamani zimeunganishwa vipande vipande kwa vyuma na bolti, na baina ya kipande na kipande huachwa mwanya, ili jua likipiga chuma kikatanuka kipate pa kwenda. Kila gurudumu linapovuka mwanya linagonga. Kila behewa lina magurudumu yake mwishoni, jozi mbili mbele na jozi mbili nyuma. Abiria aliyelala ndani husikia yale yaliyo chini yake: ta-ta, kimya, ta-ta, kimya. Lakini mimi niliyekaa nje, mbele ya mwanya mmoja, nilisikia kitu kingine. Jozi mbili za mwisho za behewa hili, zikifuatwa papo hapo na jozi mbili za mwanzo za behewa lifuatalo: ta-ta-ta-ta. Halafu kimya cha urefu wa behewa zima. Kisha tena ta-ta-ta-ta. Ndani ni mbili, nje ni nne. Nilikuwa nimelipanda gari lile mara nyingi tangu utoto na sikulijua hilo.

Treni mpya haina hiyo. Reli zake zimelehemewa zikawa moja ndefu, gurudumu halina pa kugonga. Inapita kama kitambaa kinachochanwa. Silaumu; mgonjwa anayepelekwa Nairobi hahitaji ngoma. Nasema tu kwamba vumi na chapuo zile zimeondoka, na hakuna aliyezitangazia kifo.

Rekodi ya usiku ule ni dakika 24. Gari lenyewe, kutoka injini hadi behewa la mwisho, halifiki dakika mbili.

Niliporudi nikataka kuandika maelezo ya rekodi, na hapo ndipo nilipokwama siku tatu. Niliandika "sauti ya treni". Nikafuta. Neno sauti ni kapu. Kiswahili kina maneno, ila tumeacha kuyatumia kwa kazi yake. Kishindo ni cha kitu kizito kinachotua. Mrindimo unatoka mbali na unatikisa. Mvumo hauna mapigo, ni kama wa nyuki au wa bahari usiku. Muungurumo una ukali wa mnyama ndani yake. Kuna kukwaruza, kwa breki. Kuna kutweta na kufoka, kwa mvuke. Kuna mlio, ambao ni wa kitu kinachojisemea chenyewe, kama honi. Nikasikiliza tena, dakika baada ya dakika, nikiandika neno moja moja, na nakuhakikishieni nilisikia vitu ambavyo nilipokuwa palepale sikuvisikia, kwa kuwa sasa nilikuwa navitafutia majina. Na tazameni chombo chenyewe tulikiitaje: gari la moshi. Kwa kile jicho lilichokiona. Sikio halikuulizwa.

Mtu ataniambia: na Bububu je? Kule Unguja, kijiji cha Bububu, ambako mwanzoni mwa karne iliyopita Wamarekani walijenga reli ndogo kutoka Mji Mkongwe, ya kama maili saba. Husemwa kwamba jina limetokana na mlio wa gari lile, bu-bu-bu. Hadithi tamu, na mimi niliisimulia miaka mingi. Mpaka nikakumbuka kwamba binti wa Sultani, Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, anaeleza habari za kuishi Bububu. Gari la moshi la huko halijazaliwa. Wengine husema ni maji ya chemchemi yanayobubujika, na hilo naona lina sura zaidi. Lakini napenda kwamba watu walipolisikia gari kwa mara ya kwanza waliona jina lao linatamkwa na chuma.

Si mimi wa kwanza kwa kazi hii, wala si wa elfu. Mwaka 1948 Mfaransa Pierre Schaeffer alikwenda kwenye stesheni ya Batignolles mjini Paris, akanasa injini za mvuke, akazikata na kuzipanga kama mtu anayeshona kofia, akazirusha redioni kuwa ni muziki. Namheshimu, ila nikimsikiliza namwona fundi, gari silioni. Ninayempenda ni Mwingereza, Peter Handford. Yeye kazi yake ya kulipwa ilikuwa sauti za filamu, na muda wake mwingine aliumaliza kando ya reli usiku, akinasa magari ya mvuke yalipokuwa yanaondolewa kazini nchini kwao, akiyatoa kwenye sahani za santuri. Katika rekodi zake gari hutoka mbali, hupita, na hupotelea mbali, na ndege wamo. Huyo ndiye baadaye aliyekuja hapa Kenya kunasa sauti za filamu ya Out of Africa, akapata tuzo ya Oscar pamoja na wenzake. Laiti bibi angemjua, wangeelewana.

Swali moja nimeletewa hapa kwa karatasi: "Reli ya Lamu ikija utairekodi?" Inshallah. Mwezi wa Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia walikuja hapa kwetu kuzindua mradi wa LAPSSET, bandari na barabara na reli kutoka Lamu hadi Sudan Kusini na Ethiopia. Gati la kwanza la bandari lilianza kazi Mei 2021. Reli bado iko kwenye ramani. Ila mimi sijangoja. Tangu mwaka juzi navuka kwenda upande wa Mokowe na Hindi, nyakati za alfajiri na usiku, naketi na dema langu mahali ambapo hakuna kitu kinachopita, narekodi nusu saa nusu saa. Watu wa huko wameshanizoea. Wananiita bwana wa dema.

Nimesema mno. Sasa nataka kuwachezea ile ya Mackinnon Road, yote, dakika 24. Najua ni ndefu. Anayetaka kutoka atoke sasa, si katikati, na akitoka avue ndara, sakafu hii ya Ngome inatangaza kila mtu. Simu zizimwe kabisa, si kutetema tu. Tutazima na taa.

Mtaanza na nyenje na lori moja la mbali, sikuliondoa. Mbwa wataanza dakika ya sita. Reli mtaisikia ikiwa hamtatikisika. Gari litafika dakika ya tisa na kupita. Mkidhani limekwisha, subirini: nyenje walikuwa wamenyamaza bila mimi kujua, na mtawasikia wakirudi mmoja mmoja, wa kwanza upande wa kushoto. Reli itakuwa inapoa, inadonadona. Na kikohozi mtakachokisikia dakika ya kumi na nane, msigeuke kutafuta nani, ni mlinzi wa msikiti. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa macho muda wote, anasikiliza pamoja nami.

Haya bwana mitambo, zima taa. Bonyeza.